Binti yangu karudishwa nyumbani kwa ajili ya kofia. Sheria za kuwalinda wenye ualbino zipo, zinamfikiaje?

MpakaMutukula
Jumatatu, saa 3 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko Mutukula, upande wetu wa Uganda. Kazi yangu ni kuwaandikia madereva wa malori makaratasi ya forodha. Kiswahili ndicho kinachonilisha, na leo nimekuja nacho hapa kwa sababu jambo hili limenikaa kooni siku nne.

Nina watoto watatu. Wa kati ni binti wa miaka 9, yuko P.3 (darasa la tatu), na ana ualbino.

Alhamisi iliyopita alitokea nyumbani saa nne asubuhi, peke yake, kwa miguu. Kofia yake ya ukingo mpana, niliyomshonea kwa fundi, ameishika mkononi. Masikio yamewiva kama pilipili, nyuma ya shingo ngozi imeanza kuvimba. Kumbe mwalimu wa zamu alimtoa mstarini: kofia si sare ya shule, aivue au arudi nyumbani. Akarudi. Nikamuuliza, mbona njiani hukuivaa? Akanijibu, "Baba, wamesema hairuhusiwi."

Mtoto katembea karibu kilomita mbili juani na kofia mkononi, kwa kutii.

Na si kofia peke yake. Anakaa dawati la nyuma kwa kuwa ni mrefu, na ubaoni haoni kitu. Akisoma daftari pua inagusa karatasi. Macho yake huchezacheza, hayatulii, kwa hiyo ana namna yake: anageuza kichwa upande wa kulia kidogo, anatazama kwa pembeni, na hapo anasema herufi zinasimama. Muhula uliopita alichapwa fimbo mbili kwa "kumtazama mwalimu kwa dharau". (Fimbo zenyewe zilipigwa marufuku shuleni na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, lakini hilo tuliache kwanza.)

Nimekaa siku hizi nne nikisoma. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa rangi wala kwa ulemavu. Ibara ya 35 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa utu wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 imeutaja ualbino kwa jina lake kwenye orodha ya ulemavu. Karatasi tunazo nyingi. Ninachouliza mimi ni jinsi karatasi hizo zinavyomfikia mtoto aliyesimama mstarini saa mbili asubuhi. Nimwendee nani? Nimwambie nini? Na nikienda, je, hatachukiwa zaidi?

Jina la shule sitalitaja, naomba msiniulize.

---

AfandeMstaafu
Jumatatu, saa 4 usiku

Pole sana kijana wangu. Mutukula naifahamu, nimelinda pale miaka ya nyuma.

Nitakwambia kama baba. Kofia ni jambo dogo. Wewe umepakana na Kagera ya Tanzania. Mei 2024 pale Muleba waliingia nyumba ya watu usiku wakamchukua mtoto zeruzeru wa miaka miwili na nusu mikononi mwa mama yake, na Juni ikapatikana maiti yenye viungo vilivyokatwa. Halafu wako anatembea kilomita mbili peke yake! Mtafutie bweni lenye ukuta na askari getini, kofia mtaizungumza akiwa hai.

---

MpakaMutukula
Jumatatu, saa 4 na nusu usiku

Mzee wangu nimekusikia, na wala sikupingi kwamba hatari ipo. Wiki zile mbili na zaidi ambazo mtoto wa Muleba alikuwa hajulikani alipo, sisi hapa mpakani tuliishi kama tuna mgonjwa mahututi ndani. Kila dereva aliyeshuka kutoka Bukoba nilimuuliza: amepatikana? Waliposhtakiwa watu 9 na nikasikia baba mzazi yumo kati ya washtakiwa, nilikaa chini kwenye simenti mbele ya ofisi.

Nilinunua kufuli mbili. Madirisha nilipigilia mbao. Binti nilimzuia kwenda shule wiki tatu, akawa anachungulia wenzake kwenye upenyo wa mlango wakienda. Siku moja aliniuliza, "Baba, nimefanya nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Ndiyo maana habari ya ukuta na geti inanipa taabu.

---

MtokaRuyigi
Jumatatu, saa 5 usiku

Naandika kutoka kambi ya Nakivale, Isingiro. Mimi ni Mrundi, Kiswahili changu ni cha kambini, mtanisamehe.

2008 nilikuwa Ruyigi, karibu na mpaka wa Tanzania. Wenye ualbino walikuwa wanauawa leo kijiji hiki, kesho kile, na viungo vinavushwa kwenda kuuzwa Tanzania. Mwendesha mashtaka wa mkoa, Nicodème Gahimbare, aliwakusanya wenye ualbino akawaweka nyumbani kwake, ndani ya ua wake, wakalindwa na polisi. Shangazi yangu alikuwa humo na mtoto wake. 2009 mahakama ya Ruyigi ikawahukumu waliokamatwa, mmoja wao kifungo cha maisha.

Shangazi alisema jambo moja ambalo silisahau. Alisema uani walilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, lakini mchana hapakuwa na kivuli cha kuwatosha wote, na watoto waliungua.

---

KakaWaJinja
Jumanne, saa 12 asubuhi

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Nina miaka 38, nauza vipuri vya baiskeli Jinja. Naandika simu ikiwa karibu na uso, mnivumilie kwa makosa ya herufi.

Afande, kwa heshima zote za mzazi: neno zeruzeru ulilolitumia, naomba uliache. Wengi wetu tumekua nalo likifuatana na jiwe. Kwetu huku ni nnamagoye, watoto barabarani wanasema muzungu, na kuna dereva wa lori aliwahi kusimama mbele ya duka langu akaniita dili. Dili, yaani mali ya kuuza. Sema mtu mwenye ualbino, inatosha.

La bweni. Tanzania walishalijaribu. Mauaji yalipozidi, watoto walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija kule Shinyanga. Waliokoka, hilo silikatai na namshukuru kila aliyefungua mlango. Lakini kituo kikajaa kupita uwezo wake, na wapo waliokaa humo miaka bila mzazi kuja kuwaona. Ukiangalia vizuri aliyefungiwa ni mtoto, mwindaji yuko nje anakunywa chai. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino. Jukumu liko kwa serikali kutulinda tukiwa majumbani mwetu, na hata huku kwetu ni hivyohivyo.

Sasa nataka mlisome hili taratibu.

Katika miaka 38 sijawahi kukimbizwa na mtu mwenye panga. Wapo wenzangu waliokimbizwa, hata hapa Busoga watoto wetu wamewindwa, na usiku mimi mwenyewe sipiti njia ya vichochoro. Lakini jua linanikimbiza kila siku iendayo kwa Mungu. Mwaka 2017 kidonda kilinianzia kwenye ncha ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama. Nilidhani nimejikwaruza. Kikaota gamba, gamba likadondoka, kikarudi. Miezi saba hivyo. Nilipofika hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa saratani, wakakata kipande cha sikio.

Rafiki yangu tuliyesoma wote alikuwa mvuvi. Ziwani jua linakupiga kutoka juu, na maji yanalirudisha usoni kutoka chini. Kwake lilianza shingoni. Alianza kwa mganga, akaenda kwa mchungaji, hospitali ikawa ya tatu. Tulimzika ana miaka 31. Hakuna gazeti lililoandika, hakuna waziri aliyekuja, kwa sababu hakuuawa na mtu.

Kwa hiyo, baba, mwalimu aliyemvua binti yako kofia hakufanya jambo dogo. Nenda shuleni. Usiende peke yako.

---

AfandeMstaafu
Jumanne, saa 2 asubuhi

Kijana wa Jinja, neno lako nimelipokea na ninaomba radhi. Nimelitumia miaka sitini bila kuambiwa.

Nyongeza ya kiaskari tu. Tuna Sheria ya Kuzuia Kafara ya Binadamu ya 2021. Anayeua kwa kafara hukumu yake inafika kifo, na sheria inamfuata hata aliyetoa pesa na anayekutwa na kiungo cha binadamu. Baba wa mtoto, mwenyekiti wako wa LC1 (baraza la kijiji) na kituo cha polisi wajue nyumba yako kwa macho, siyo kwa kusikia. Tafuta mtu wa boda mmoja, mmoja tu, umfahamu mpaka kwa mama yake, ndiye awe anampeleka na kumrudisha.

---

NesiWaZamu
Jumanne, saa 7 mchana

Nimetoka zamu sasa hivi. Niko kwenye kliniki ya ngozi, hospitali sitaitaja.

Kaka wa Jinja amesema kile ninachokiona kila wiki. Wanakuja wamechelewa. Mtu ana kidonda mdomoni tangu mwaka jana, anafunika kwa leso. Tafadhali sana: kwa mwenye ualbino, kidonda chochote ambacho hakijapona ndani ya mwezi kipelekwe hospitali kikatwe kinyama kidogo kipimwe. Kikikutwa mapema kinaondolewa siku hiyohiyo na mtu anarudi kwenye biashara yake.

Baba, kuhusu kofia. Ukingo upime kwa vidole vinne vya mtu mzima, kuzunguka pande zote. Zile kepi za mbele hazifai, zinaacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda vinapoanzia. Mikono mirefu. Kitambaa kiinue kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili basi na jua litapita. Mafuta ya kukinga jua yawe SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa), yapakwe kama dakika 20 kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Watu wanapaka usoni wanasahau masikio, midomo, na juu ya miguu palipo wazi kwenye kandambili. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kivuli.

Wala msidhani mafuta haya ni urembo. Mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi ambayo mimi na wewe tumezaliwa nayo ikitukinga bila kulipa shilingi. Yeye ngao yake inatoka dukani. Na dukani utaikuta kwenye rafu ya vipodozi, karibu na rangi za mdomo, kwa bei ya vipodozi! Kenya serikali inayagawa bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza wenyewe mafuta yanayoitwa Kilisun. Sisi mtu anakuja na cheti changu mkononi, anakwenda dirisha la dawa, anaambiwa hakuna, nunua nje.

Macho: mpeleke kwa daktari wa macho. Miwani haitamaliza tatizo lote kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho nayo haikukomaa vizuri, ila inapunguza makali. Ile tabia ya kugeuza kichwa msimkataze. Ni dawa aliyojigundulia mwenyewe.

---

MpakaMutukula
Jumanne, saa 8 mchana

Nesi, Mungu akubariki. Nimetoka kupima kwa vidole vinne. Yake ina vitatu, fundi ataongeza leo.

Mafuta nilinunua chupa moja Kampala, zaidi ya elfu hamsini, na kwa kupaka kama unavyosema haifiki mwezi. Nimekuwa nikimpaka asubuhi tu, kidogo kidogo, ili idumu. Sasa naona nilikuwa nadanganya nafsi yangu.

---

MkulimaMasaka
Jumanne, saa 10 jioni

Dada yangu ana ualbino. Alikwenda kuomba zile milioni moja za PDM, mpango wa serikali wa mitaji kwenye kila muluka (parish), kwa kuwa asilimia 10 imetengewa watu wenye ulemavu. Aliyeshika orodha pale muluka akamtazama akasema, "Wewe si mlemavu, wewe una rangi tu." Akarudi nyumbani bila kubisha.

Tulichapisha ile orodha ya Sheria ya 2020, ukurasa mmoja tu, penye neno ualbino tukapiga mstari mwekundu. Akarudi nayo. Jina likaandikwa.

---

MwalimuBusia
Jumanne, saa 1 usiku

Mimi ni mwalimu wa msingi, Busia. Kwanza pole kwa fimbo zile mbili. Nimeusoma uzi huu nikamkumbuka mvulana niliyemfundisha kabla sijajua lolote. Nilikuwa namwambia "keti vizuri, acha kulalia daftari". Mwaka mzima nimemwambia hivyo. Alikuwa anasoma kwa namna pekee aliyoweza, nami nikamwona mvivu.

Nilichojifunza baadaye, kwa kumuuliza yeye mwenyewe: dawati la mbele peke yake halitoshi. Nilimweka mbele karibu na dirisha, mwanga ukampofusha zaidi. Tukahamia mbele katikati, dirisha likawa mgongoni kwake. Nikaanza kusoma kwa sauti kila ninachoandika ubaoni. Nikamruhusu asimame aje mpaka ubaoni akague kwa karibu, wenzake walicheka siku mbili wakazoea. Mistari ya daftari hakuiona, tukaikoleza kwa kalamu nyeusi. Haya yote hayakunigharimu hata shilingi mia.

Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, usisubiri P.7. UNEB, baraza la mitihani, wana utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye uoni hafifu maandishi makubwa na muda wa ziada, lakini mwalimu mkuu lazima aombe wakati wa kusajili. Asipoomba, mtoto atapewa karatasi ya kawaida na dakika za kawaida, na matokeo yatasema hana akili.

Sasa jinsi ya kwenda. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala mbili, yako igongwe muhuri. Mkishindwana, kamati ya shule. Gombolola (sub-county) kuna afisa maendeleo ya jamii, na kuna diwani anayewakilisha watu wenye ulemavu, huyo umchukue hata mapema, ni kazi yake aliyochaguliwa. Juu ya hapo ipo Tume ya Fursa Sawa, na ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo kwa katiba ina nguvu za mahakama. Ila nakuomba uanze na mwalimu mkuu, mkae mezani. Wengi wetu tunakosea kwa kutojua, na ukimpeleka mtu moja kwa moja kwenye Tume ndiyo ile hofu yako ya mtoto kuchukiwa.

---

KakaWaJinja
Jumanne, saa 2 usiku

Mwalimu asante. Laiti ningekupata mwaka 1996.

Kwa hilo la mwisho tutofautiane kidogo. Kutojua kunasameheka mara ya kwanza. Huyu mtoto amechapwa, halafu akafukuzwa. Barua iandikwe na sheria itajwe ndani yake kwa mwaka wake. Mzungumze kwa upole, lakini barua iwepo. Sisi hapa Jinja tuna chama chetu, SNUPA, na Kampala kuna Albinism Umbrella, wote wanafahamu njia hizi. Ukikwama, wasiliana nao.

---

HajatiArua
Jumatano, saa 3 asubuhi

Mwanangu, nimesoma kimyakimya. Umesema fundi, umesema kufuli, umesema shule. Mama yake mtoto yuko wapi katika habari hii? Yeye anasemaje?

---

MpakaMutukula
Jumatano, saa 4 usiku

Hajati, nimelisoma swali lako asubuhi nikafunga simu. Nimelibeba siku nzima.

Mama yake yupo, ndiye anayempaka mafuta kila asubuhi. Lakini kuna jambo sijalisema hapa.

Siku binti alipozaliwa, mkunga alimfunua kanga nikaona nywele nyeupe. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Huyu ni wa nani?" Mke wangu alikuwa bado yuko kitandani, damu haijakauka. Mama yangu mzazi alikuwepo, akasema kwetu hakuna kitu kama hiki, mwanamke huyu amelala na mzungu wa mradi wa barabara. Nami nikaamini. Niliondoka nikaenda kupanga chumba Kyotera. Miezi 14 sikurudi. Pesa nilituma mara mbili.

Aliyenirudisha ni dereva mmoja Msukuma. Alinikuta nalalamika kwa wenzangu, akanivuta pembeni akanionesha picha ya mtoto wake kwenye simu. Ana ualbino. Akaniambia, "Kaka, hii tunairithisha wote wawili. Wewe umebeba nusu, mama amebeba nusu. Mimi mwenyewe niliambiwa hospitali."

Niliporudi, binti alikuwa anaanza kutembea. Alikuwa amevaa kofia ya mivumba (mitumba) kubwa imemfunika mpaka puani, mama yake aliinunua kwa pesa ya kuuza ndizi. Mke wangu hakunifukuza, lakini alikaa miezi mingi bila kuniita baba fulani. Aliniita jina langu tu.

Leo ndiyo mara ya kwanza naandika haya mahali. Yeye ameyasoma kabla sijayatuma, akasema tuma.

---

NesiWaZamu
Jumatano, saa 5 usiku

Baba, asante kwa kusema. Dereva alikwambia kweli. Wazazi wote wawili wanakuwa na chembe hiyo ya urithi bila wao kuonekana nayo, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ualbino. Inaweza kupita vizazi bila kuonekana, ndiyo maana bibi atasema "kwetu hakuna". Mkipenda, mchapishe haya mbandike ukutani kwenye kliniki za wajawazito. Wanawake wanaoachika kwa kosa hili moja ni wengi mno.

---

HajatiArua
Alhamisi, saa 12 asubuhi

Mwambie mke wako namsalimu sana. Mwambie Hajati wa Arua kasema amefanya kazi ya watu wawili.

---

MpakaMutukula
Jumanne iliyofuata, saa 2 usiku

Nimerudi na habari.

Tulikwenda jana: mimi, mke wangu, mwenyekiti wa LC1, na mama diwani wa watu wenye ulemavu. Barua mkononi, sheria imetajwa kwa mwaka wake kama Kaka wa Jinja alivyosema. Mke wangu ndiye aliyezungumza. Alimvua binti kofia pale ofisini, akamgeuza, akamwonesha mwalimu mkuu shingo iliyobambuka. Hakusema maneno mengi baada ya hapo.

Kofia imekubaliwa, kwa maandishi, na muhuri upo. Mstarini atasimama chini ya mwembe pamoja na darasa lake lote, lilikuwa wazo la mwalimu mkuu mwenyewe. Dawati limehamishwa mbele katikati. Mwalimu wa zamu alikuja akasimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini alimwinamia mtoto akamuuliza, "Ukinitazama hivi kwa pembeni, unaniona?" Binti akamwambia ndiyo. Akamuuliza tena, "Na hapa?" akasogea hatua moja nyuma. Walifanya hivyo mpaka akafika ukutani. Mahali alipoacha kumwona wakapiga mstari sakafuni kwa chaki, kwamba mwalimu asivuke pale akiwa anaonesha kitu.

Mafuta hatukufanikiwa. Tulipita kituo cha afya, hakuna. Afisa maendeleo gombolola alitupokea vizuri, akaandika, akasema hana fungu la jambo hilo. Mama diwani amesema atalipeleka barazani wilayani. Mimi nitakuwa namuuliza kila mwezi. Kama kuna aliyefanikiwa wilayani kwake kupata mafuta haya kupitia bajeti ya afya, naomba atueleze aliandika nini na alimwandikia nani.

---

MkulimaMasaka
Jumanne, saa 2 na nusu usiku

Huku kwetu tumeunda kikundi cha wazazi saba, tunanunua kwa pamoja kwa bei ya jumla, inapungua. Mutukula si mbali. Tukinunua tena nitakujulisha, utatuma kwa taksi ya asubuhi.

---

BabaMpya
Jumanne, saa 6 usiku

Samahani naingilia. Nimeutafuta uzi huu usiku huu, sijui hata nilichoandika kwenye simu mpaka nikaufikia.

Mtoto wetu amezaliwa juzi. Wa kiume. Nywele nyeupe, kope nyeupe. Mama mkwe analia, mama yangu hataki kumshika. Mke wangu yuko ndani, mimi nimekaa nje kwenye pikipiki yangu tangu saa mbili. Sijui pa kwenda.

---

MpakaMutukula
Jumanne, saa 6 na dakika 10 usiku

Ndugu yangu, niko macho, nipo hapa na wewe.

Zima pikipiki. Ingia ndani sasa hivi, usiseme lolote, mwombe mke wako akupe mtoto umshike. Halafu nitafute kwenye ujumbe wa ndani, tuzungumze mpaka asubuhi ukitaka.

---

NesiWaZamu
Jumatano, saa 12 asubuhi

Baba mpya, hongera ya mtoto. Kwa sasa mafuta ya kukinga jua bado, ngozi yake ni changa mno mpaka afikishe miezi sita. Kivuli, nguo nyepesi za mikono mirefu, kofia laini. Mkimpeleka chanjo nendeni mapema kabla jua halijapanda, na mumwombe nesi awaandikie kwa daktari wa macho.

---

BabaMpya
Jumatano, saa 1 asubuhi

Nimemshika. Amelala kifuani kwangu tangu saa saba usiku. Mama yake naye amelala.

Hiyo kofia laini, vidole vinne ni kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa siku tatu napimaje?